Kuamka na Kuamshwa: Lugha ya Uamsho wa Afrika Mashariki na Haja ya Kanisa Kufanywa Upya

Utangulizi

Katika lugha ya Kiganda liko neno moja ambalo, katika muda wa miaka thelathini na mitano, lilitumika mara mbili kulishtua Kanisa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1936, katika wito ambao mhubiri kijana, Blasio Kigozi, aliuandalia Sinodi ya Kanisa la Uganda: 'Zukuka', yaani 'Amka'. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1971, wakati kikundi cha walokole kilipojitenga na walokole wenzao na kujiita Abazukufu, yaani 'walioamka'. Wito wa kwanza uliwahusu Wakristo waliokuwa wamelala ndani ya Kanisa. Wito wa pili uliwahusu wale wale waliokuwa wameuitikia wito wa kwanza, pamoja na watoto wao.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki, na kuonyesha, kwa kuyachunguza maneno ambayo watu wake waliyachagua, jinsi suala la uaminifu wa Kikristo lilivyofungamana na suala la kufanywa upya. Hoja itakayotetewa ni kwamba hayo si masuala mawili. Waliobaki waaminifu siku ya majaribu hawakuwa wale waliouhifadhi Uamsho kama urithi, bali ni wale waliokubali kuamshwa tena na tena. Maneno yenyewe ya Uamsho, yakisikilizwa kwa makini, yalikuwa yakilisema jambo hilo tangu mwanzo.

Kanisa lililostawi

Wamisionari wa kwanza wa shirika la Kianglikana la CMS waliwasili katika ikulu ya Kabaka Mutesa mwaka 1877. Kati ya mwaka 1885 na 1887, katika utawala wa mwanawe Mwanga, vijana wengi Wakristo, Waprotestanti kwa Wakatoliki, waliuawa. Na wanaokumbukwa zaidi ni wale waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kanisa lililozaliwa katika hali hiyo lilikuwa ni Kanisa la watu walioijua gharama ya kuamini.

Hata hivyo, mambo hayakuchukua muda kubadilika. Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 yaliwapa machifu madaraka na ardhi, na wengi wa machifu wakuu walikuwa Waprotestanti. Katika muda wa kizazi kimoja ubatizo, ambao hapo kwanza uliwapeleka vijana motoni, ukawa ni njia ya kuingilia shule, na shule nayo ikawa ni njia ya kuingilia cheo. Hakuna aliyepanga mambo yawe hivyo. Kanisa lilifuata mkondo wa mafanikio yake lenyewe.

Kwa nje hapakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Shule zilijaa, hospitali ya Mengo ilikuwa na sifa, na kanisa kuu la Namirembe, lililokamilika mwaka 1919, lilisimama juu ya kilima likionekana toka mbali. Lakini waliolijua kwa ndani walisema mengine. Walisema kwamba waliobatizwa walirudia ulevi, kwamba wengi waliishi na wanawake wa pembeni huku wakishiriki Meza ya Bwana, na kwamba usiku njia ya kwa mganga haikukosa nyayo. Waswahili husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Namirembe na Gahini

Dakta John Edward Church, aliyezoeleka kwa jina la Joe, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwasili Gahini, mashariki ya Rwanda, mwaka 1928, ili kuhudumu katika hospitali ya Misheni ya Ruanda iliyokuwa chini ya CMS. Hakukaa muda mrefu kabla ya kukabiliwa na njaa kubwa ya mwaka 1928 na 1929, ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikufa njiani wakielekea hospitalini. Naye daktari, ambaye alikuja akiwa na ari na maandalizi mazuri, akajiona amekauka mwilini na rohoni.

Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Watu hao wawili walikaa pamoja wakiipekua Biblia na kuomba, kila mmoja akikiri kwamba dini aliyokuwa nayo haikumtosha. Yafaa msomaji atafakari jambo hilo kwa mizani ya wakati wake. Mzungu mwenye elimu ya juu na Mwafrika mtumishi wa serikali waliketi pamoja kama wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja. Katika koloni na nchi za ulinzi za wakati ule, hata makanisani, desturi ilikuwa mmoja afundishe na mwingine afundishwe. Pengine mageuzi makubwa ya Uamsho yalianzia katika kuvunjwa kwa desturi hiyo.

Nsibambi aliiacha kazi ya serikali akajitoa kuhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali ya Gahini, ambaye mwanzoni hakupatana na wahubiri hao, naye aligeuka. Kwa miaka kadhaa mabadiliko yalikuwa ya mtu mmoja mmoja, na mara nyingi yalifuatana na ugomvi. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa mafundisho ya Biblia hapo Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine wakiungama dhambi zao waziwazi. Tangu hapo moto ulienea. Mwaka 1935 ulifanyika mkutano mkubwa huko Kabale, Kigezi, na Kabale ikawa kituo ambacho watu wa Uamsho walikirudia kila baada ya miaka kumi.

Mwaka 1936 Kigozi alikwenda Kampala akiwa na mambo matatu ya kuiuliza Sinodi: kwa nini viongozi na washiriki wa Kanisa wamepoa na kufa, kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanakaribishwa Mezani pa Bwana, na ni nini kifanyike ili uzima urejee. Aliugua homa akafa mwezi Januari, kabla hajayasema mwenyewe. Kifo chake kiliyapa maswali yake nguvu ambayo pengine uhai wake usingeyapa. Kanisa la Uganda lilipokuwa likijiandaa kuadhimisha miaka sitini mnamo mwaka 1937, likiongozwa na Askofu Cyril Stuart, wito wa 'Zukuka' ulitangazwa katika mikutano ya maandalizi hayo.

Maneno ya waliookoka

Ni vema sasa maneno yenyewe yachunguzwe, kwani kila kundi la watu linalotaka kufanywa upya huanza kwa kutafuta namna mpya ya kusema.

Kiswahili cha Kanisa kilikuwa tayari na msamiati wake wa wokovu. Maneno kama imani, dhambi, toba na ushuhuda yalitoka katika Kiarabu, na yalikuwa yametumika pwani katika dini ya Kiislamu karne nyingi kabla ya Ludwig Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Yalikuwa maneno yenye heshima na yenye kueleweka. Lakini kwa watu wa bara waliojifunza Kiswahili shuleni, hayo yalikuwa maneno ya kitabu na ya katekisimu. Uamsho haukuyatupa. Ulichofanya ni kuyasogezea maneno ya nyumbani, yale ambayo mtu huyatumia akiamka asubuhi au akinusurika mtoni.

Neno kuu ni kuokoka. Katika Kiganda ni okulokoka, na aliyeokoka ni omulokole. Kiswahili kililipokea neno hilo na kuliingiza katika ngeli ya watu bila taabu, likawa mlokole, walokole. Wakikuyu walisema ahonoki, kutokana na kitenzi chao cha kuokoka. Katika Kiswahili kitenzi okoa huzaa okolewa na okoka, na tofauti ya hivyo viwili si ndogo. Okolewa humtazama mwokoaji: iko nafsi nyingine iliyotenda. Okoka huitazama hali ya aliyekuwa hatarini: sasa yuko nje ya hatari. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotolewa nzima mwaka 1952, hutumia maumbo yote mawili. Katika vinywa vya watu wa Uamsho, hata hivyo, okoka ndilo lililoshinda. Lilikuwa fupi, na liliweza kusemwa na mtu yeyote juu yake mwenyewe: nimeokoka.

Umbo la kutendeka lina faida na lina hatari. Faida yake ni kwamba humruhusu mtu kushuhudia bila kumtegemea kasisi wala mmisionari. Hatari yake ni kwamba humficha mtendaji. Anayesema 'nimeokoka' mara elfu aweza kusahau kwamba aliokolewa.

Jina la harakati yenyewe liliisahihisha hatari hiyo. Kinyarwanda huita Uamsho ububyutse, kutokana na kitenzi cha kuamka au kuinuka kitandani. Kiswahili hakikuchagua kuamka, bali kilichagua umbo la kusababisha: amka, amsha, uamsho. Uamsho ni kazi ya mwenye kuamsha. Aliyelala hawezi kujiamsha, na zaidi ya hayo hajui kwamba amelala. Hulijua jambo hilo baada ya kuamshwa tu. Katika neno hili moja imo theolojia nzima ya Kanisa lisiloweza kujitibu lenyewe.

Halafu liko suala la njeo. Wazee wa Uamsho hawakuridhika na ushuhuda wa -li- peke yake. Kusema 'niliokoka mwaka fulani' kulikuwa ni mwanzo tu. Katika vikao vya kila juma, vilivyoitwa ushirika, mtu alitazamiwa aseme ni nini Bwana alichomwonyesha juma lile, ni neno gani lilimwuma, ni nani aliyemkosea na kama amekwenda kutengeneza naye. Kutengeneza kulimaanisha kurudisha: vifaa vilivyoibwa hospitalini au shuleni vilirudishwa, madeni yalilipwa, na barua za kuomba radhi ziliandikwa. Kutembea nuruni, maneno yaliyojengwa juu ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, hakukuwa tukio bali mwendo, na mwendo hauna -li-.

Jambo hilo liligusa pahala penye uchungu katika jamii. Hekima ya wengi ilikuwa upande wa stara. Mavi ya kale hayanuki, husema methali. Na nyingine husema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtu mzima aliyesimama mbele ya vijana na wanawake akitaja uzinzi wake aliwavunjia heshima wazee, na wazee walikasirika. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameonyesha jinsi watu wa Uamsho walivyogongana na wale waliokuwa wakijenga umoja wa makabila yao juu ya adabu na nidhamu ya mababu. Lakini hekima hiyo hiyo ya jadi ina methali nyingine isemayo kwamba mficha uchi hazai. Walokole walikuwa kama watu walioichagua methali moja dhidi ya nyingine, wakaishi kwa hiyo.

Mukono, 1941

Kanisa lilipoulizwa kama liko tayari kuamshwa, jibu halikuwa moja. Katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, palipofundishwa makasisi wa Uganda, wanafunzi walokole waliongozwa na William Nagenda, aliyekuwa ameguswa na Uamsho. Waliamka alfajiri sana kuomba na kuhubiri. Waliyapinga mafundisho ya baadhi ya walimu, waliyoona kuwa yanaipunguza Biblia na msalaba, nao hawakuona haya kuwaambia wakubwa wao kwamba wanahitaji kuokoka. Mkuu wa chuo alikataza mikutano hiyo ya alfajiri. Wanafunzi walikataa kuacha. Mwezi Oktoba 1941 zaidi ya ishirini kati yao, pamoja na Nagenda, walifukuzwa.

Si haki kuisimulia habari hii kana kwamba upande mmoja ulikuwa wa nuru na mwingine wa giza. Mkuu wa chuo aliwajibika kulinda utaratibu, na vijana wale walikuwa na ukali ambao baadhi ya walokole wenyewe waliujutia baadaye. Lakini swali walilolileta lilikuwa la haki: je, utii kwa Kanisa waweza kumtaka mtu anyamaze juu ya ugonjwa wa Kanisa?

Lililo muhimu zaidi katika historia ni lile lililofuata. Waliofukuzwa hawakuanzisha kanisa lao. Wengi wao, Nagenda akiwamo, hawakupata kuwekewa mikono ya ukasisi maisha yao yote; hata hivyo walibaki katika viti vya kanisa lile lile, wakipokea ushirika mtakatifu kutoka mikononi mwa watu ambao waliwaona wamelala. Uamsho haukuwa na ofisi, kadi za uanachama, wala katiba. Mwaka 1947 Nagenda na Kinuka walizuru Uingereza pamoja na Dakta Church, na ujumbe wao ukapokelewa na Wakristo wa huko. Kijana asiyefaa kuwa kasisi Mukono alisikilizwa na makasisi wa Ulaya.

Kenya: damu na kiapo

Mwaka ule ule wa 1929, ambao Church na Nsibambi walikutana Namirembe, makanisa ya misheni katika nchi ya Wakikuyu yalipasuka kwa sababu ya mgogoro wa tohara ya wasichana. Maelfu waliondoka, na baada yao zikasimama shule na makanisa ya kujitegemea. Waliobaki misheni walitazamwa kama watu waliowauza wenzao. Kwa hiyo timu ya Uamsho ilipofika Kabete mwaka 1937, na mkutano mkubwa ulipofanyika Kahuhia mwaka 1938, ulikuta Kanisa lenye jeraha. Hapo Uamsho ulileta njia ambayo haikuwa ya kuondoka wala ya kuwatii wamisionari tu. Ndugu Mwafrika aliweza kumwambia Mzungu kwamba ana kiburi, na Mzungu akatakiwa kutubu mbele ya wote. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Obadiah Kariuki, ambaye tarehe 15 Mei 1955 aliwekwa wakfu pamoja na Festo Olang' kuwa maaskofu wasaidizi, wakiwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kupata daraja hilo katika Kanisa la Kianglikana.

Majaribu makubwa yalikuwa yamekwisha kuanza. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kiapo cha Mau Mau kilimfunga mtu kwa ajili ya ardhi na uhuru, na madai hayo yalikuwa ya haki: ardhi ilikuwa imechukuliwa kweli. Lakini ndugu wa Uamsho walikataa kiapo, wakisema kwamba waliokwisha kushiriki damu ya Yesu hawawezi kunywa damu nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali na kazi ya Homgadi, wakisema kwamba hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili. Wako waliopigwa, wako waliofungwa, na wako waliouawa msituni na vijijini.

Wamekuwapo wanaodai kwamba Uamsho uliwalegeza watu na kuwasahaulisha haki yao ya ardhi, na dai hilo lina sehemu ya ukweli, kwani vikao vya ushirika vilizungumzia dhambi ya mtu binafsi kwa urefu na dhambi ya utawala kwa ufupi mno. Hata hivyo, mtu anayekataa silaha za pande zote mbili, huku akijua kwamba kila upande waweza kumwua, hawezi kuitwa mlegevu. Na mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya tarehe 5 Julai, viapo vilipoanza kulishwa tena katika sehemu za Wakikuyu, ndugu wa Uamsho walikuwa miongoni mwa waliokataa. Safari hii waliokataliwa hawakuwa wapiganaji wa msituni, bali ni watu wenye uhusiano na utawala wa nchi huru. Waliokwisha kuzoea kukataa walijua namna ya kukataa tena.

Walioamka walala

Pamoja na hayo yote, Uamsho wenyewe ulizeeka. Dalili zake zaonekana kwanza katika lugha. Kitenzi 'nimeokoka' kilizaa nomino 'mlokole', na nomino hiyo, iliyoanza kama dhihaka ya majirani, ikapokewa kama jina la heshima, mwishowe ikawa kabila dogo lenye desturi zake: namna ya kusuka au kunyoa nywele, namna ya kuvaa, namna ya kusalimiana kwa 'Bwana asifiwe', na wimbo wa Tukutendereza kila mtu alipomaliza kushuhudia. Kitenzi hueleza tendo, nacho hudai wakati: lini, na sasa je? Nomino huitaja hali, wala haiulizwi swali la wakati. Ushuhuda uliokuwa ukimwuma msemaji ukawa na mpangilio wake, na dhambi zilizoungamwa zikawa zile zilizozoeleka kuungamwa.

Ndipo mwaka 1971, nchini Uganda, Abazukufu wakiongozwa na Yona Mondo wakalichukua tena neno la Kigozi. Waliwaambia wazee wa Uamsho kwamba wamelala, wakadai masharti makali juu ya mikopo na madeni, mavazi ya kisasa na starehe. Wazee walijibu kwamba huko ni kuigeuza neema kuwa sheria. Kila upande ulikuwa na ukweli wake. Abazukufu waliona sawasawa kwamba walioamka wanaweza kulala. Wazee nao waliona sawasawa kwamba orodha ya makatazo haimwamshi mtu. Kosa la jina la Abazukufu, kama yafaa kuliita kosa, lilikuwa ni la kisarufi kabla ya kuwa la kitheolojia: lilikuwa nomino nyingine, jina jipya la waliofika.

Mizani ya mateso

Iko mizani nyingine ya kuupimia Uamsho, nayo ni siku ya mateso. Kasisi Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, alikuwa akichunga Kanisa huko Nyamata, kusini ya Kigali, wakati wa machafuko yaliyoikumba Rwanda baada ya mwaka 1959. Alikataa kuwabagua watu kwa asili zao. Januari 1964 alichukuliwa na askari akauawa, na yasimuliwa kwamba alikwenda akiimba.

Janani Luwum alikuwa mwalimu kijana huko Acholi alipookoka mwezi Januari 1948. Alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda tangu mwaka 1974. Mwezi Februari 1977, baada ya nyumba yake kupekuliwa usiku na askari, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu nchini. Tarehe 16 Februari alikamatwa akauawa, na serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya motokaa. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi na mhubiri mashuhuri wa Uamsho, alilazimika kukimbia nchi. Katika barua ile ya maaskofu Uamsho ulisema waziwazi juu ya dhambi ya watawala, jambo ambalo hapo awali ulilisema kwa sauti ndogo. Luwum hakuutegemea mwaka 1948. Ushuhuda wake wa miaka ishirini na tisa ulikuwa umekua pamoja naye.

Lakini mizani hiyo hiyo ilipima tena mwaka 1994. Rwanda, nchi ilikoanzia ububyutse, ilikuwa na wabatizwa wengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Katika muda wa siku mia hivi tangu Aprili watu laki nyingi waliuawa, wengi wao ndani ya makanisa walimokimbilia. Kanisa Katoliki la Nyamata, katika mji ule ule alikohudumu Kanamuzeyi, leo ni mahali pa kumbukumbu ya waliochinjwa humo. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa pamoja nao. Na wako waliobatizwa walioshika mapanga. Ni kweli kwamba wengi wa wazee wa kwanza wa Uamsho walikuwa wamekwisha kufa, au kukimbilia uhamishoni tangu mwaka 1959. Lakini jibu hilo halitoshi. Linathibitisha tu kwamba kizazi hakiwezi kukiachia kizazi kingine kuamka kwake, kama vile baba asivyoweza kuamka asubuhi kwa niaba ya mwanawe. Alichoweza kumwachia ni nyimbo, salamu na jina.

Hitimisho

Wanatheolojia wa mapokeo ya Calvin wana usemi, ulioenezwa sana katika karne ya ishirini na watu kama Karl Barth, kwamba Kanisa lililokwisha kutengenezwa halina budi kutengenezwa daima. Watu wa Gahini na Kahuhia hawakuupata usemi huo vitabuni, ila waliufikia kwa njia yao. Yafaa izingatiwe kwamba kitenzi chake, kama kitenzi cha kuamshwa, kiko katika kauli ya kutendwa. Anayeutumia kumaanisha kwamba Kanisa lijibadilishe lipendavyo, lifuate kila upepo wa wakati, ameisoma vibaya sarufi yake. Na anayedhani kwamba kazi ilikwisha siku moja katika historia, iwe ni Wittenberg mwaka 1517 au Gahini mwaka 1933, ameisahau sehemu yake ya mwisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za Kanisa huanza pale linapojivunia ukuta wake.

Kwa wachunguzi wa lugha iko kazi ya haraka. Waliosimama Kahuhia mwaka 1938 hawapo tena, na waliokuwa vijana katika mkutano mkubwa wa Kabete mwaka 1949 ni wachache waliobaki, nao ni wazee sana. Shuhuda zao zilisemwa kwa Kiganda, Kinyarwanda, Kikuyu, Kijaluo na Kiswahili, mara nyingi na mkalimani amesimama kando ya msemaji, akitafuta papo hapo neno la lugha moja litakalobeba uzito wa neno la lugha nyingine. Katika ukalimani huo ndimo msamiati wa dini wa Afrika Mashariki ulimoundwa kwa sehemu kubwa. Wahifadhi wa nyaraka za makanisa wamekusanya majarida, barua na taarifa za wakubwa. Maneno ya akina mama waliorudisha shuka za hospitali, na ya vijana waliokataa viapo usiku, bado hayajakusanywa inavyostahili. Na pasipo hayo itakuwa vigumu kwa kizazi kijacho kutofautisha kati ya watu waliookoka na watu waliorithi jina la walokole.